Hatamu za Biju

Enzi zetu Nyamirambo, hapa Kigali, mtoto aliyerudi nyumbani na miguu safi aliulizwa kama anaumwa. Vumbi jekundu la vichochoro vyetu lilikuwa sare ya pili. Tulitoka shule tukaingia madrasa, tukatoka madrasa tukawa huru, na jua lote lililobaki lilikuwa letu. Wasichana tuliruka kamba iliyokatwa kwenye mipira ya baiskeli kuukuu. Wavulana walikimbiza mpira wa majani makavu ya mgomba, wakagombana, wakapatana, wakagombana tena. Nani alikuwa na saa? Tulijua saa kwa pua. Mandazi yakinukia ni asubuhi, mishikaki ikianza kufuka moshi ni jioni, na ukisikia mama anakuita kwa jina lako na la baba yako pamoja, basi umekwisha kuchelewa, jiandae.

Mwanangu wa kwanza sasa ni mvulana mkubwa na sijawahi kumwona amechubuka goti. Juzi alinunua mkanda akaniambia ni wa ngozi, na kabla mwezi haujaisha mkanda ukaanza kubambuka kama kitunguu. Nikamwambia, ngozi ninaijua mimi. Akanitazama kwa lile jicho lao la "Mama ameanza tena." Ndiyo, nimeanza tena. Ninyi wenzangu mliokuwepo mtanisahihisha nikikosea, na yeye akipenda arudi kwenye simu yake.

Baba yangu alikuwa fundi wa ngozi. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yetu, kushoto kwa mlango, na kulia kwa mlango huohuo mama alikuwa na cherehani yake. Ukiingia kwetu ulipita katikati ya harufu ya gundi na harufu ya pasi ya mkaa. Mchana kutwa walitaniana. Baba alisema nguo ni kazi ya kumvalisha mtu upepo. Mama alisema viatu ni kazi ya kumtengenezea mtu matope. Walikubaliana wakati wa chakula tu, kwa sababu mama akipika isombe, yaani kisamvu, na dagaa tunaowaita ndagala, hakuna mwanamume wa Nyamirambo aliyekuwa na la kubisha.

Mama alikuwa na mdogo wake, mjomba Yusufu, kijana mrefu, mzuri wa sura, mwenye mdomo usiokuwa na breki. Alifanya kazi ya kutunza farasi huko Masoro, ambako siku hizo palikuwa malisho na mashamba, si hivi viwanda mnavyoviona leo. Mwenye farasi alikuwa mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Madamu. Sisi farasi tulikuwa tukimwona kwenye kitabu cha Kifaransa cha shule, amesimama karibu na bata. Kwa hiyo mjomba akija kututembelea tulikimbilia shati lake tukalinusa, tukaenda kuwaringia wenzetu kwamba tumenusa farasi.

Mwaka wa tisini na mbili mjomba aliposa. Mchumba alikuwa Mariamu, binti wa Mzee Ramadhani, dereva wa lori, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Siku ya posa wazee wameketi, chai imemiminwa, mambo yanakwenda sawasawa, mara mdomo ukamponyoka mjomba.

"Mimi siku ya harusi nitakuja na farasi."

Mzee Ramadhani alicheka mpaka akavua kofia akafutia machozi. Kisha akasema, "Kijana, ukikuja na farasi kweli, mimi mwenyewe nitaishika hatamu mpaka ndoa ifungwe. Lakini ukikuja na miguu, mbele ya watu usiniambie tena neno hata moja."

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umekwisha kupata habari. Tangu siku hiyo mjomba akipita njiani, watoto tulilia kama farasi, na watu wazima waliokuwa wakitukaripia walilia kama farasi pia akishapita. Kilikuwa kichekesho, lakini mjomba hakuwa akicheka. Kwetu, neno alilolisema mtu mbele ya wazee wa posa halifutiki. Ukilishindwa linakufuata, watoto wako wanalirithi, na siku ya maziko yako atapatikana mmoja wa kulikumbusha.

Madamu alikubali kumwazima farasi mmoja mpole aliyeitwa Biju. Tatizo likawa hatamu. Zile za Biju zilikuwa zimelowa mvua msimu baada ya msimu mpaka zikaoza, zikakatika mkononi mwa mjomba. Nyingine zilikuwa zikitoka Ulaya, na kwa vita iliyokuwa huko kaskazini vitu vilikuwa havifiki. Madamu akamwambia wazi kwamba bila hatamu nzuri, Biju hatoki zizini. Mjomba akaja kwetu jioni hiyo amenywea, akakaa kwenye kigogo cha baba bila kusalimia.

Baba alikuwa amemcheka kama wengine wote. Lakini alipoona ile sura, akaweka nyundo chini.

"Hatamu ni kitu gani, shemeji? Si mukanda murefu tu? Nitatengeneza mimi."

Hivyo ndivyo ahadi ya mtu mmoja ilivyokuwa ya watu wawili, na jina la kibanda chetu likaingia hatarini pamoja na jina la mjomba.

Baba alikuwa na ngozi ya ng'ombe aliyoiweka kwa ajili ya kandambili. Aliikata duara, halafu akaanza kuuzungusha mkanda kutoka ukingoni kwenda ndani, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayemenya chungwa bila kulikata ganda. Wanaotengeneza ngoma kwetu hupata kamba zao ndefu kwa namna hiyo. Alitaka mkanda mmoja usiokuwa na kiungo hata kimoja, utoke pete ya kushoto ya lijamu, kile chuma kinachokaa mdomoni mwa farasi, upite mkononi mwa mpandaji, urudi pete ya kulia. "Kiungo ndipo shetani anapokaa," alituambia, kisu kikiteleza. Tulimtazama midomo wazi. Mkanda ulitoka mrefu, mwembamba, wa kupendeza, na baba akauvaa shingoni akatembea nao mtaani, apate kusalimiwa.

Jumapili tukaenda Masoro wote, tumejazana nyuma ya gari la mizigo, mimi nimepakatwa na mama. Biju alikuwa mwekundu wa udongo, mkubwa kuliko nilivyomwona kitabuni, na pumzi yake ilikuwa ya joto. Nilimwogopa nikampenda papo hapo. Mjomba akafunga hatamu mpya kwenye lijamu, akapanda, akashika mkanda katikati kabisa kama alivyozoea, akamwambia farasi twende.

Biju akaenda. Hatua za kwanza alikwenda vizuri, halafu akaanza kupinda kulia. Mjomba akavuta, farasi akazidi kupinda kulia. Akamaliza duara moja mbele yetu, akaanza la pili. Kila mjomba alivyovuta ndivyo upande wa kushoto ulivyorefuka kama mpira, na wa kulia ukabaki umekaza, basi maskini farasi akawa anatii alichoambiwa. Wafanyakazi wa Madamu walikaa chini kwa kucheka. Mama alijificha ndani ya mtandio wake, mabega yanatikisika. Baba peke yake hakusogea. Madamu naye hakucheka. Alimshika Biju, akampapasa shingo, akasema kwa Kiswahili chake, "Non. Hii farasi haiendi harusi. Mukuje tena Jumamosi, na kitu ya kweli." Harusi ilikuwa kesho yake, Jumapili.

Nyumbani baba alikataa chakula, na baba yangu kukataa chakula cha mama ilikuwa habari ya kuita majirani. Aliutupa ule mkanda mezani akageukia ukuta. Mama ndiye aliyeuokota. Akaushika ncha huku na huku, akauvuta kidogo kidogo kama anavyopima kitambaa cha mteja, akausogeza, akauvuta tena.

"Baba Zaina, hii iko inavutika huku, na huku haivutiki."

"Ngozi si kitenge, Mama Zaina."

"Najua si kitenge. Lakini kitenge ukikikata mshazari kinavutika, ukikikata wima kinatulia. Wewe umezunguka ng'ombe muzima. Hapa ni tumbo, hapa ni mugongo. Tumbo la ng'ombe si linajaa na kupungua kila siku? Sasa ulitaka lisivutike?"

Baba aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama mama, akautazama mkanda, akamtazama mama tena. Halafu akaomba chakula. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilijua kwamba nimeshuhudia jambo kubwa.

Asubuhi alileta ngozi yake nzuri kuliko zote, ile nene aliyokuwa ameitunza kwa soli za viatu vya wakubwa. Akaitandaza sakafuni. Mama akaacha cherehani, akaja na chaki yake ya kushonea, wakapiga magoti pamoja wakachora mstari juu ya uti wa mgongo, kutoka shingoni mpaka mkiani. Upande huu wa mstari mkanda mmoja, upande ule mkanda wa pili, pacha wake. Upande wa shingo wa kila mkanda utakaa kwenye lijamu, upande wa mkia utakuja mkononi, ili kama ni kuvutika ivutike sawa. Ilimaanisha viungo, kwa sababu mgongo wa ng'ombe haufiki urefu wa kutosha, na ilimaanisha kuiharibu ngozi ile kwa kazi nyingine zote. Mkono wa baba ulisita kidogo juu ya ngozi. Mama akamwambia, "Kata." Akakata.

Sasa sikilizeni hii, kwa maana wengine wenu mlikuwamo. Mikanda ilitakiwa ivutwe mpaka uvutikaji wake wote uishe. Baba aliilowesha, akaifunga kwenye boriti ya kibanda, akaning'iniza mawe. Mawe yakawa madogo. Akatutazama sisi watoto. "Nani anataka kubembea?" Ninyi mliopanga foleni siku ile mnajijua! Mtaa mzima ulihamia kwetu. Tulibembea wawili wawili, mmoja kila mkanda, na baba akahakikisha kwamba mnene anapokezana na mwembamba, kushoto na kulia, pasitokee upande wa kuonewa. Madrasa ilikosa wanafunzi mpaka mwalimu akaja mwenyewe kutafuta, akakuta sababu, akatugombeza sana, na kabla ya kuondoka akaning'inia kidogo. Tulibembea hivyo mchana baada ya mchana, ngozi ikikauka inaloweshwa tena. Baba alipoiteremsha akailaza sambamba, ncha zilikuwa sawa kabisa. Mama alipitisha kidole pale ncha zilipokutana, akacheka peke yake.

Vilibaki viungo. Baba alizichonga ncha zikawa nyembamba kama jani, akazilaza moja juu ya nyingine, akazitoboa kwa msharasi. Kushona kwake kulikuwa kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, uzi uliopakwa nta ya nyuki, sindano zikipishana katika tundu moja kutoka pande mbili. Kwa kawaida alibana kazi magotini akashona peke yake. Siku ile aliniita mimi, akaniketisha mbele yake, goti kwa goti.

"Zaina, wewe iko na vidole vya mama yako. Ukilegeza wewe, mjomba wako anaanguka. Usilegeze."

Sikulegeza. Yeye akipitisha sindano yake mimi naipokea, mimi nikipitisha yangu yeye anaipokea, tunavuta pamoja, pumzi zetu pamoja. Uzi ulinikata vidole, nta ikauma kwenye mikato, na hakuna aliyenipa pole kwa sababu sikuonyesha. Sijui kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Tulipomaliza, mama alileta samli yake ya ng'ombe, ile nzito ya zamani yenye harufu, tukaipaka ngozi kwa viganja mpaka ikalainika ikang'aa.

Jumamosi Masoro hakuna aliyecheka, hata wafanyakazi. Madamu hakumwachia mjomba. Alivaa buti zake akapanda mwenyewe. Akamtembeza Biju hatua za polepole, akamkimbiza, akakimbia naye uwanja mzima mpaka wakawa wadogo kule mwisho. Nilikuwa nimeushika mkono wa baba na mkono ule ulikuwa umelowa. Wakageuka. Wakaja wamenyooka, Madamu ameshika hatamu kwa mkono mmoja tu, na mbele yetu hasa akavuta kidogo, Biju akasimama kama amepigwa msumari. Akashuka, akaviangalia viungo, akavikunja, akavivuta kwa uzito wake wote. Kisha akauliza nani ameshona.

Baba angeweza kusema "mimi." Aliniweka mbele akasema, "Mimi na huyu."

Madamu alinipa mkono kama mtu mzima. Akamwambia baba anataka hatamu kama hizo kwa farasi wote. Yebaba we! Nilirudi Nyamirambo nimesimama garini, sikukubali kukaa.

Siku ya harusi mjomba alitoka Masoro alfajiri, amevaa kanzu nyeupe iliyoshonwa na mama, na baba akimfuata kwa baiskeli. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari, kama ilivyokuwa miaka ile. Baba alitusimulia kwamba askari waliomba vitambulisho vya watu, vile vilivyoandikwa kabila la mtu, wakavisoma polepole kama walivyopenda kuvisoma, halafu wakamtazama Biju. Mmoja akauliza cha farasi kiko wapi. Wenzake wakacheka, kamba ikashushwa, wakapita. Baba alikuwa akisema Biju peke yake siku hizo ndiye aliyekuwa na bahati ya kutokuwa na kitambulisho. Tulicheka wakati ule. Leo nikikumbuka sicheki.

Sisi tulikuwa tumejipanga barabarani tangu chai ya asubuhi. Wapo waliokuja kuona farasi na wapo waliokuja kuona aibu, na hawa wa pili ndio waliowahi nafasi za mbele. Mafundi cherehani walitoka nje na mita zao shingoni. Wauza nyama, wanawake na watoto mgongoni, Waislamu na Wakristo, wote. Kwanza tukasikia kwato. Halafu kofia ya mjomba ikachomoza, kisha mjomba, kisha masikio ya Biju, na mtaa ukalipuka. Vigelegele vya siku ile sijavisikia tena maishani. Farasi alipita katikati ya kelele zote zile bila kupinda kulia wala kushoto, na mjomba, aliyependa kusema kuliko kula, alikuwa amefunga mdomo, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kanzu.

Mzee Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni kwake, kati ya migomba iliyopandwa kupamba lango. Neno ni neno. Akanyoosha mkono, akapokea hatamu. Lakini yeye ndiye walii, na bila walii ndoa haifungwi. Sheikh alikata shauri haraka, mkeka ukaletwa karibu na lango chini ya turubai. Mzee Ramadhani akaozesha binti yake hivyo, mkono wa kulia umeshika mkono wa mjomba, wa kushoto umeshika hatamu, na Biju nyuma yake anatafuna majani ya migomba ya mapambo, hana haraka. Hatamu hakuziacha mpaka dua imekwisha. Baba alisimama pembeni amekunja mikono, mama kando yake, na nilimsikia akimwambia polepole, "Ngozi ni kitenge, Mama Zaina." Wiki ile aliandika kwa rangi nyekundu juu ya kibanda: FUNDI WA FARASI.

Siku hizi maharusi wa Kigali wanakuja na msururu wa magari ya kukodi yenye maua, kamera inaruka juu kama nyuki, na majirani hawafungui hata dirisha. Sisemi ni vibaya. Vijana wana haki ya harusi zao. Ila nikipita Masoro, malori yanapakia, sijui hata uwanja wa Biju ulikuwa wapi. Mjomba na Mariamu wanaishi Batsinda, wamezeeka, na bado mjomba anaahidi mambo. Baba alifariki mzee, kitandani kwake. Mama bado ananikosoa mshono.

Mwanangu aliniuliza siku moja, kwa upole, hakuwa akinitania: "Mama, miaka ile kweli mlikuwa na furaha? Au mnajisemea tu?" Nilielewa anachouliza. Haikupita miaka miwili tangu harusi ile, ukaja mwaka wa tisini na nne, na wengi waliokuwa wamepanga mstari kando ya barabara yetu hawakuuvuka. Walio wa rika lake wanawajua watu wale kwa jinsi walivyouawa. Ni lazima wajue, wala simkatazi mtu.

Lakini mimi niliwajua kabla. Niliona nyuso zao asubuhi ile, mmoja mmoja, wakati kofia ya mjomba inachomoza. Nikamwambia mwanangu ndiyo, tulikuwa na furaha, na wao walikuwa nayo, kaa nikutajie majina yao. Akaweka simu chini, akakaa.